Kwa Nini Nyeri Inamkumbuka Mwanahewa wa Italia

Ukitoka Loresho ukafuata Barabara ya Waiyaki kupitia Uthiru, kisha ukashika barabara ya zamani pale Rironi, utateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye kanisa dogo kando ya lami, kabla ya kufika Mai Mahiu. Madereva wa malori hulipita bila hata kugeuza shingo. Lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita Waitaliano, walewale waliochonga barabara hiyo.

Tarehe 3 Machi mwaka huohuo, mateka mwenzao alifariki jijini Nairobi. Huyu alikuwa Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta, rubani aliyepanda hadi cheo cha jenerali wa jeshi la anga, na tangu 1937 makamu wa mfalme wa Italia nchini Ethiopia. Mei 1941 alisalimu amri mlimani Amba Alagi, akaletwa Kenya na kuzuiliwa karibu na Ol Donyo Sabuk. Malaria na kifua kikuu vilimmaliza akiwa na umri wa miaka 43.

Mbona yeye akumbukwe, ilhali mateka Waitaliano waliozuiliwa Kenya walikuwa makumi ya maelfu? Kwanza, cheo. Alikuwa wa ukoo wa kifalme, na Waingereza walimpa heshima za kijeshi aliposalimu amri. Pili, wosia wake: aliomba azikwe pamoja na askari wake. Ombi hilo ndilo lililobadilisha mambo. Leo amelazwa katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano mjini Nyeri, na ukutani kumehifadhiwa mabaki ya askari 676. Wengi wao hawakuwa na jina kubwa. Wamepata pa kusomwa kwa sababu mkubwa wao yuko nao. Tatu, kuna serikali, ile ya Italia, inayolitunza kaburi.

Hayo hayamtakasi. Utawala aliouwakilisha uliinyakua Ethiopia kwa mabavu, na Wahabeshi wana kila sababu ya kutomlilia. Kutunza kaburi la mtu si kuiunga mkono bendera aliyoipigania.

Sasa tujitazame sisi. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, waliokufa wakiutumikia ufalme wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi na askari wa Afrika Mashariki, wale waliotuachia jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Hawakukosa ushujaa wala hawakukosa jamaa wa kuwalilia. Walikosa karani wa kuwaandika na hazina ya kuwalipia jiwe. Nyeri inaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanawezekana, hata kwa adui aliyeshindwa.