Ushanga wa Kale wa Meru na Embu: Namna ya Kuutambua na Kuukusanya

Utangulizi

Miongoni mwa vitu ambavyo akina nyanya wa Meru na Embu waliwaachia wajukuu wao, ushanga wa kioo ni rahisi sana kupotea. Uzi ukikatika, punje hutawanyika. Zinazookotwa hutungwa upya katika mapambo mengine, au huuzwa kwa wachuuzi wanaozipanga kwa rangi, kila rangi katika mfuko wake. Makala haya yanaeleza jinsi ushanga wa kale unavyoweza kutambuliwa, na yanashikilia kwamba kazi hiyo huanza kabla uzi haujakatwa.

Suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, yaani mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Kitu kama hicho hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Kwa hiyo, swali la umri wa ushanga si la wapenda mapambo peke yao.

Ushanga ulivyofika mlimani

Ushanga wa kioo ulioenea katika nchi hizi katika karne ya 19 ulitengenezwa ng'ambo. Sehemu kubwa ilitoka Venice, hasa kisiwa cha Murano, na mwingine Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Ulipakuliwa Zanzibar na Mombasa, kisha ukapelekwa bara kwa misafara, na wafanyabiashara Wakamba walikuwa kiungo muhimu kati ya pwani na watu wa Mlima Kenya. Pembe za ndovu zilishuka; ushanga, nguo na nyaya za shaba zikapanda. Mnamo 1892 na 1893 Mmarekani William Astor Chanler, akiwa pamoja na Ludwig von Höhnel, alifika hadi safu ya Nyambene. Wasafiri wa namna hiyo walilipia chakula kwa bidhaa, ushanga ukiwa mmojawapo.

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906 na kuweka kituo Meru mwaka 1908. Kodi ya fedha ikafuata, na maduka yakafunguliwa. Ushanga ukaacha kuwa sarafu ukabaki pambo, lakini haukuacha kuingia. Ndiyo sababu shada moja la nyanya laweza kuwa na punje zilizofika kabla ya 1895, nyingine za miaka ya 1930 na nyingine za juzi.

Majina yake katika Kiswahili

Biashara hii ilikuwa na msamiati wake. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari ya maziwa makuu, alitaja ushanga mwekundu ulioitwa samesame. Uliitwa pia kimarapamba, yaani kinachomaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake ili aupate. Ushanga ulipimwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Maneno haya yanaonyesha kwamba thamani haikuwa katika punje moja moja bali katika ushanga uliokwisha tungwa. Mkusanyaji anayetenganisha punje anakivunja kile kilichohesabiwa na wenyewe kuwa kitu kizima.

Kusoma punje

Hatua ya kwanza ni kutofautisha kioo na plastiki. Kioo ni kizito na huwa baridi kinapowekwa shavuni. Plastiki ni nyepesi na hupata joto upesi. Haifai kujaribu kwa moto, kwani jaribio hilo huharibu punje, uzi na ngozi iliyoshonewa.

Hatua ya pili ni kutambua namna punje ilivyotengenezwa. Mwangaza mzuri na lenzi ndogo vinatosha. Ushanga wa kuvutwa hutokana na bonge la kioo cha moto lenye tundu katikati, ambalo mafundi wawili hulivuta hadi likawa mrija mrefu mwembamba. Mrija hukatwa vipande vidogo, kisha vipande hupashwa moto tena na kuzungushwa ili makali yake yaishe. Viputo na mistari katika kioo chake hulala sambamba na tundu. Ushanga wa kuzungushwa hutengenezwa kwa kuviringisha kioo laini kwenye ufito wa chuma. Mistari yake hulizunguka tundu. Ushanga wa kugandamizwa katika kalibu, ambao mafundi wa Bohemia waliusambaza sana, mara nyingi huwa na mshono mwembamba ubavuni.

Kanuni hiyohiyo ya kutafuta alama za fundi hutumiwa na wakusanyaji wa gololi, ambazo watoto wengi wa Kenya huziita bano. Gololi za mkono za Lauscha, Ujerumani, zilikatwa kutoka katika fimbo ya kioo, nazo zina kovu pale zilipokatwa. Gololi za mashine, zilizoenea kutoka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hazina kovu hilo.

Hatua ya tatu ni kutazama ndani ya tundu. Punje nyingi nyekundu zina matabaka mawili: nyekundu kwa nje na kiini cha rangi nyingine. Zenye wekundu mzito wa tofali na kiini cha kijani ni za aina iliyotangulia. Zenye kiini cheupe zilienea katika karne ya 19 na kuchukua nafasi ya zile za awali. Hata hivyo, kiini cheupe peke yake si ushahidi wa ukongwe, kwa maana punje za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa katika karne ya 20.

Hatua ya nne ni kuchunguza uchakavu. Uzi unaovaliwa kwa miaka mingi hula kingo za tundu, na punje zinazosuguana hupata nyuso bapa pande zinapogusana. Ukubwa usiolingana huashiria kazi ya zamani. Ulinganifu kamili huashiria mitambo ya karibuni. Hakuna dalili hata moja inayotosha peke yake. Dalili kadhaa zikikubaliana, ndipo makadirio ya umri yanapopata nguvu.

Kukusanya bila kuharibu

Punje iliyotengwa huweza kueleza kiwanda chake, lakini haiwezi kueleza ilifika Meru lini wala ilivaliwa na nani. Habari hizo zimo katika uzi, katika mpangilio wa rangi na katika kumbukumbu za mwenye shada. Kwa sababu hiyo, mkusanyaji makini hulipiga picha shada pande zote kabla ya kuligusa. Huandika jina la kijiji, aliyelivaa, tukio lililomfanya alivae, na jina la kila aina ya ushanga katika Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kitharaka. Uzi uliooza huhifadhiwa pamoja na punje zake. Sabuni na maji ya moto havitumiki, kwani huondoa mafuta na rangi ambazo zenyewe ni ushahidi.

Ushahidi wa kulinganishia upo. Kuanzia mwaka 1949 Joy Adamson alichora picha za watu wa jamii nyingi za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, na picha hizo ni sehemu ya hazina ya Makumbusho ya Taifa. Mjini Meru, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974 katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya huhifadhi vitu vya utamaduni wa Ameru.

Hitimisho

Ushanga wa kale haulindwi kwa kuufungia kabatini tu, wala kwa kuujua kwa rangi. Hulindwa na mtu anayejua kusoma tundu lake na kumsikiliza mwenyewe. Wenye habari hizo wengi wao ni wazee sana, na maneno wanayoyatumia kuutaja ushanga hayajaandikwa yote. Mwanafunzi wa lugha anayerudi nyumbani likizoni akiwa na daftari anaweza kuokoa mengi kuliko mnunuzi mwenye fedha, mradi afike kabla ya mkasi.