Gundi Kabla ya Dhahabu

Ukifunua kurasa za mwanzo za Msahafu ulionakshiwa Istanbul enzi za Wauthmani, macho hukimbilia dhahabu. Hiyo ni haki yake. Lakini sisi tunaochunguza wino na rangi za maandiko ya kale huanza na kitu kisichoonekana, nacho ni gundi. Pasipo gundi, dhahabu ni vumbi na masizi ni uchafu wa vidole. Na mti unaoitoa gundi hiyo humea Turkana: mchungaji wa huko huupita akiwa na mbuzi wake, pengine akabandua tone moja na kulitafuna njiani.

Mti wenyewe ni aina ya mgunga ambayo wataalamu wa mimea huiita Senegalia senegal. Vitabu vya zamani vitakuambia Acacia senegal. Utautambua kwa miiba yake inayokaa mitatu mitatu, miwili ikielekea juu na wa kati ukipinda kuelekea chini. Kiangazi kikikaza na gome likapasuka au kutobolewa na wadudu, utomvu huchuruzika, ukakauka kuwa matone ya rangi ya asali. Nchini Sudan, inayoongoza duniani kwa zao hili, wakulima huuchanja mti makusudi. Turkana gundi nyingi hutoka yenyewe na watu huiokota tu. Ikishauzwa, safari yake kwa kawaida huishia kwenye soda, peremende na vidonge vya dawa.

Kwa nini wino uihitaji? Nyunyiza masizi, ambayo ndiyo weusi wa wino, juu ya maji uone: yataelea, yakigandamana, maana masizi na maji havipatani. Gundi ya mgunga imeundwa kwa sukari zilizoungana katika minyororo mirefu yenye matawi, pamoja na protini kidogo. Sehemu ya protini hushika chembe ya masizi, na matawi ya sukari hutandaa majini, yakizizuia chembe zisikaribiane na kugandamana. Hapo ndipo wino hutiririka kwenye kalamu ya mwanzi bila kukatika. Ukikauka, gundi hiyohiyo huishikiza rangi juu ya karatasi. Ikipungua, maandishi hufutika kwa kiganja. Ikizidi, wino hung'aa, ukapasuka na kubanduka vipande vipande.

Kakuma, hukohuko Turkana, kuna watu wanaoijua kanuni hii bila kuhitaji somo la kemia. Kambi ya wakimbizi ya hapo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan waliokimbia vita, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia na wengine wengi, na baadaye makazi ya Kalobeyei yakajengwa jirani. Wasomali wamekuja na mila ya duksi, yaani chuo cha Kurani: mtoto huandika aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa makaa yaliyosagwa, maji au maziwa, na gundi. Akishahifadhi, ubao huoshwa na kuandikwa upya. Unaosheka kwa sababu gundi hii huyeyuka tena ikikutana na maji. Mafundi wa Istanbul waliitumia sifa hiyohiyo kwa namna nyingine. Karatasi yao waliipaka ute wa yai na shabu, au wanga, kisha wakaisugua kwa jiwe mpaka ikalainika. Wino ulikaa juu ya tabaka hilo badala ya kunywewa na karatasi, hivyo kosa la mwandishi lilifutika kwa kitambaa chenye unyevu.

Tofauti kubwa kati ya wino wa duksi na ule wa Istanbul iko kwenye unga mweusi. Makaa hata yakisagwa siku nzima hubaki na chembe kubwa, ilhali masizi ya taa ya mafuta ni laini mno. Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, ulijengwa na msanifu Sinan kwa namna ambayo mkondo wa hewa ulibeba moshi wa taa hadi chumba kilicho juu ya mlango mkuu, na masizi yaliyokusanyika humo yakatengenezewa wino. Sijui jengo jingine ambalo moshi wake ulithaminiwa hivyo.

Dhahabu nayo haipakwi hivihivi. Fundi huchukua karatasi za dhahabu iliyofuliwa, akazisaga kwa ncha ya kidole ndani ya sahani pamoja na gundi ya mgunga au asali, saa baada ya saa. Kisha huongeza maji, akaacha unga utuame, akayamwaga maji. Unga huo hupakwa kwa brashi nyembamba na kung'arishwa kwa jiwe la akiki. Mwaka 2023 UNESCO iliiorodhesha sanaa hii ya kunakshi kurasa kwa jina la Uturuki, Azerbaijan, Iran, Tajikistan na Uzbekistan.

Picha ndogo za vitabuni ni jambo jingine: hizo hazikai katika Msahafu, bali katika vitabu vya historia na mashairi. Ninayempenda zaidi ni Matrakçı Nasuh, aliyechora vituo vya msafara wa Sultani Süleyman kuelekea Iraki katika miaka ya 1530, mji baada ya mji, bila kuweka mtu hata mmoja. Barabara ya Lodwar hadi Kakuma ingemfaa.

Nani atasema nakshi za namna hii hazijawahi kuwa zetu? Siyu, kisiwani Pate, ilinakshi Misahafu yake katika karne ya 18 na 19, juu ya karatasi zilizotoka Ulaya, kwa rangi nyeusi, nyekundu na njano. Nakala mojawapo iko Fowler Museum, Los Angeles. Kwangu mimi, wekundu ule uliokolea una nguvu kuliko kurasa nyingi za Kituruki zilizojazwa dhahabu hadi jicho likachoka.

Anayetaka kujaribu achague matone angavu yasiyo na gome wala mchanga, ayaloweke katika maji baridi usiku kucha, asubuhi ayachuje kwa kitambaa. Awe macho, kwani kaskazini mwa Kenya hukusanywa pia ubani na manemane, na magunia huweza kuchanganywa. Gundi halisi huyeyuka yote, nayo haina harufu ya kutajika. Maji yakigeuka meupe yenye kunukia, na makapi yakabaki chini, hiyo ni mali ya chetezo.