Soko limehamia simuni. Je, uaminifu nao umehama?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi, ndugu msomaji, chema na kibaya vyote vyajitembeza, tena katika njia moja: kioo cha simu. Ukiifungua simu yako asubuhi utakuta mabuibui, udi, samaki wa kupaka na makochi ya mitumba, vyote vimepangwa kama bidhaa za Marikiti.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya vijana. Mimi sioni hivyo. Biashara ya pwani yetu tangu zama ilisimama juu ya mtandao wa watu. Majahazi yalipokuja na kaskazi kutoka Oman na Shihr, yakaleta tende na papa mkavu, kisha yakarudi na kusi yamebeba boriti za Lamu, tajiri alimkabidhi nahodha mali kwa sababu alimjua yeye na watu wake. Aliyevunja ahadi Mombasa, habari zake zilisafiri kwa upepo ule ule. Na aliyetaka kujua nani mkweli aliuliza barazani. Makundi ya simu ya leo ni baraza zile zile, ila hazina ukuta wala wakati wa kufungwa.

Ukubwa wake ndio mpya. M-Pesa ilianza Machi 2007, na WhatsApp ikazaliwa mwaka 2009. Mwaka 2016 kundi moja la WhatsApp lilifikia watu 256. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 laweza kuchukua watu 1,024. Baraza gani ya Mji wa Kale iliwahi kuketi watu elfu moja?

Mtaani kwetu yupo mama mjane, hana duka wala kibanda. Duka lake ni kundi la mtaa. Kila jioni huandika atakachopika kesho: mahamri, mbaazi za nazi, na Ramadhani kaimati, sambusa na mkate wa kumimina. Kufikia alasiri amekwisha kujua wangapi wanataka nini, basi hapiki kikabaki. Bodaboda huchukua, pesa huingia kwa simu. Wateja nao humfunza. Mmoja alilalamika shira imezidi. Wengine wakaunga mkono. Siku ya pili shira ikapungua. Mfanyabiashara mkubwa hulipa wataalamu wamwambie wateja wanataka nini. Huyu aambiwa bure.

Tena yale maandishi ni daftari. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi tuliopita chuoni twajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ndani ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Aliyekopa sahani mbili za sambusa hawezi kusema ilikuwa moja.

Lakini sokoni mnunuzi hubonyeza embe, akanusa samaki, akanyoosha kitambaa. Picha hainuswi. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliorowa juu watu wakauona, kisha akamkana mwenye kughushi. Picha ya simuni, wasomaji wapenzi, mara nyingi ni ile sehemu ya juu ya lundo.

Binti mmoja katika jamaa zetu alilipia nguo ya harusi aliyoiona kwenye ukurasa wenye picha za kupendeza. Pesa zilipoingia, muuzaji alikata mawasiliano. Binti akaandika kisa chake kundini pamoja na nambari aliyolipia. Kabla ya magharibi wanawake watatu walijitokeza wakasema nambari hiyo hiyo iliwala wao pia. Pesa hazikurudi, bali waliokuwa wakijiandaa kulipa walisita. Hapo kundi lilikuwa mkono wa kulipekua lundo.

Mkono huo huo waweza kuua. Kumi la mwisho la Ramadhani, sauti ilirushwa kundini kwamba watu wamedhurika kwa sambusa za mama wa mtaani. Haikutaja jina, lakini kila mtu alimfikiria yule mjane. Jioni ile sinia zake zilibaki zimejaa. Nilipomwendea kumpa pole alinambia, "Maalim, chakula kikilala tutakila kiporo, jina likiharibika nitalipasha moto wapi?"

Msimamizi wa kundi alifanya la busara. Aliuliza nani kaumwa, alikula lini, na sauti ile imetoka wapi. Ikabainika imetoka mtaa mwingine, yahusu mpishi mwingine. Wateja wengi walirejea, lakini si wote. Uvumi ulikuwa na mbio kuliko masahihisho. Suratul Hujurat imetuamrisha kuzichunguza habari za mtu asiyeaminika tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo yamhusu kila mwenye kidole cha kurushia ujumbe.

Sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha na ya kupewa maelezo yanayomfaa. Lakini ni nani atakwenda mahakamani kwa sababu ya dera moja? Kwa mambo madogo ya kila siku, kundi ndilo kadhi wetu wa karibu, na kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza pande mbili. Basi muuzaji na apige picha ya kasoro pamoja na uzuri. Mnunuzi aliyetendewa wema na aseme, kama asemavyo aliyedhulumiwa. Na asiyeshuhudia na anyamaze.

Wauzao nawambia, cha chini kionyesheni,
Wanunuzi nanyi pia, habari zihakikini,
Neno ukiliachia, halirudi mkononi,
Mali itajipitia, jina ndilo la thamani.