Nakili Kwanza, Tengeneza Baadaye

Kulikuwa na familia moja huko Kasoli, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Pamba yao waliiweka ghalani, lakini mali yao nyingine ilikaa ndani ya kisanduku cheusi cha kuhifadhia mafaili, kando ya rauta: picha za babu akiwa kijana, video za bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, na sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo. Yeyote pale nyumbani aliweza kuvifungua kwa simu au kompyuta yake, hata akiwa hana bando.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili, kisanduku hakikuwaka. Binti wa nyumba alitaka kukizima na kukiwasha mpaka kiitikie. Bibi akamzuia, akamwita fundi kutoka Bariadi mjini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mmebonyeza chochote?"

"Hapana."

"Mmefanya vizuri sana."

Fundi akapima adapta, akaikuta nzima. Ubao wa ndani ndio ulioungua. Lakini kumbukumbu za familia hazikai kwenye ubao. Zinakaa kwenye diski. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake katika nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Kisanduku kinaweza kufa na diski zikabaki hai.

Zilikuwa mbili, na kila faili liliandikwa kwenye zote. Fundi akazibandika namba, 1 na 2, ndipo akazichomoa. Ya pili ilipowashwa ikagonga tik, tik, tik. Akaizima papo hapo, kwa sababu kichwa kilichoharibika huweza kukwaruza sahani na kufuta kilichobaki.

Ya kwanza ilizunguka kimya. Kompyuta yenye Windows ikauliza: je, niifomati? Binti akanyoosha kidole.

"Usikubali!" fundi akasema.

Visanduku vingi vya namna hii hutumia mfumo wa Linux, na Windows haielewi mpangilio wake, hivyo huiona diski kama isiyofomatiwa. Ukifomati kwa haraka, kinachofutwa kwanza ni orodha ya mafaili. Ni kama mwalimu akifuta jina lako kwenye daftari la mahudhurio: wewe bado umekaa kwenye dawati. Hatari huja pale mwingine anapopewa dawati hilo: data mpya ikiandikwa juu ya ile ya zamani, ya zamani hairudi.

Basi fundi akawasha kompyuta kwa Linux, akaifungua diski kwa kusoma tu, bila kuandika. Akatumia programu ya ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima, kisha kurudi kwenye sehemu sugu. Diski ilikuwa na terabaiti 2. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, hizo ni sekunde 20,000, yaani saa tano na nusu hivi. Walisubiri.

Kisha mafaili yakahamishiwa diski mpya. Kompyuta ikakokotoa namba ya kila faili, la kwenye nakala na la kule lilikotoka; herufi moja tu ikibadilika, namba hubadilika. Namba zote zikalingana.

"Kwa hiyo diski mbili zinatosha?" binti akauliza.

"Hapana. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley, Marekani, walieleza namna ya kuunganisha diski ili moja ikifa kazi iendelee. Lakini ukifuta picha kwa bahati mbaya, inafutika kote. Mwizi akibeba kisanduku, anabeba zote. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine."

Nakala ya tatu ikapelekwa kwa shangazi, Bariadi mjini.

Nanyi, wanangu, waulizeni wazazi wenu leo: picha zetu ziko mahali pangapi? Wakijibu mahali pamoja tu, anzeni kunakili kabla umeme haujakatika.