Ukisugua Doa, Unaliongeza

Madale, jijini Dar es Salaam, ni eneo la ujenzi na vumbi. Kiwanda cha saruji cha Wazo, kinachozalisha tangu 1966, kiko jirani. Kandokando ya njia mafundi wanafyatua matofali, na malori ya kokoto yanapishana kutwa. Mtu akifika nyumbani jioni kwa bodaboda na kupitisha kitambaa cheupe usoni, kitambaa kinatoka na rangi ya udongo. Hapo hushawishika kusugua: skrabu ya kopo, sukari na ndimu, dodoki, bekingi soda, kisha mwisho wa wiki kusafishwa uso saluni, ambako husuguliwa tena.

Vumbi hilo hutoka kwa maji na sabuni laini. Kinachotoka kwa skrabu ya kila siku ni ngozi yenyewe.

Ukuta usioonekana

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli bapa zilizokwisha kufa, zilizopangwa safu 15 hivi, na sehemu nyingi za mwili unene wake wote ni kama milimita 0.01 hadi 0.02. Nyayo na viganja vina tabaka nene zaidi mara nyingi, ndiyo maana jiwe la kusugulia visigino halifai kukaribia shavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Elias, mtafiti wa ngozi wa San Francisco, alilifananisha tabaka hilo na ukuta, na jirani wa kiwanda cha Wazo atamwelewa bila taabu: seli ni matofali, na mafuta yanayojaza nafasi kati yake ni saruji. Takriban nusu ya saruji hiyo ni seramidi, kama robo ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni asidi za mafuta. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayatoki ovyo, na kemikali na vijidudu haviingii kirahisi.

Ukuta huu hujisafisha wenyewe. Seli huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa, kisha hudondoka baada ya wiki nne au zaidi. Vimeng'enya ndivyo vinavyokata viungo vinavyozishikilia, kidogo kidogo, bila jicho kuona. Kazi yao hutegemea uasidi. Uso wa ngozi yenye afya una pH ya 4.5 hadi 5.5, ilhali sabuni nyingi za mche zina 9 hadi 10, na bekingi soda huvuka 8. pH ikipanda, vimeng'enya vinavyobomoa huongeza kasi, na vile vinavyotengeneza seramidi hulegea. Ngozi hubomoka haraka na kujengwa taratibu.

Ndimu ina madhara ya upande wa pili. pH yake ni kama 2, asidi kali ambayo hakuna aliyeipima kabla ya kuipaka. Tena juisi na ganda lake vina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha weusi wa wiki nyingi.

Si kwamba asidi zote ni adui. Mwaka 1974 Eugene Van Scott na Ruey Yu walionyesha kwamba asidi kama ya glaikoliki, inayopatikana kwenye miwa, na ya laktiki, iliyo kwenye maziwa mgando, hulegeza seli zilizong'ang'ania katika magonjwa ya ngozi ngumu. Vipodozi vingi vya leo vimetokana na kazi hiyo. Jopo la usalama wa vipodozi la Marekani lilipendekeza bidhaa za kujipaka nyumbani zisizidi asilimia 10 ya asidi hizo, na pH isishuke chini ya 3.5. Balaa huanza pale sabuni ya kung'arisha, tona, seramu na skrabu, kila moja ikiwa na asidi yake, zinapokutana kwenye uso mmoja ndani ya siku moja.

Dalili kwenye ngozi nyeusi

Maelezo mengi ya kitabibu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, kwa hiyo hutaja wekundu kwanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Sehemu iliyoathirika huonekana nyeusi zaidi, ya zambarau au ya kijivujivu. Ni afadhali kutegemea hisia na mguso. Baada ya kunawa, uso unavuta. Losheni uliyoizoea miaka yote inachoma, na pengine hata maji matupu au jasho la mchana vinachoma. Uso unang'aa ingawa hauna mafuta, ukiugusa una joto, na kandokando ya pua na mdomo magamba madogo yanachambuka. Chunusi zinaongezeka badala ya kupungua.

Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam huwadanganya wengi. Mtu anatoka jasho, anadhani ngozi yake ina maji ya kutosha, kumbe ukuta unavuja chini ya jasho hilo hilo.

Kisha linakuja doa. Seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi, hukaa chini ya ukuta ule, pale seli mpya zinapozaliwa, mahali ambapo skrabu haifiki. Ngozi ikipata mchubuko au uvimbe, seli hizo huzalisha melanini zaidi, na kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo alama inavyokolea. Kwa hiyo mtu anasugua ili aondoe doa la chunusi, ngozi inavimba, doa jipya linatokea, naye anasugua kwa nguvu zaidi. Jua linakoleza mambo. Utafiti uliotajwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ulionyesha kwamba wiki nne za kupaka asidi za vipodozi zilizotajwa hapo juu ziliongeza wepesi wa ngozi kuathiriwa na mionzi ya urujuanimno kwa asilimia 18. Wiki moja baada ya kuacha, tofauti haikuonekana tena. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba.

Hapo ndipo mkorogo unapopata mteja. Aliyebabuka uso huambiwa kuna krimu ya kuondoa weusi wote kwa wiki moja. Nyingi za namna hiyo zimekutwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Vipodozi tangu 2019 vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Steroidi hutuliza uso haraka, na ndiyo hatari yake: ngozi huwa nyembamba, kisha huwaka upya kila unapoiacha. Tena ukuta uliobomoka hupitisha kemikali hizo ndani kwa wingi zaidi.

Kuirudisha ngozi

Tiba huanza kwa kuacha. Acha skrabu, dodoki, ndimu, asidi, retinoli, manukato, na kujifukiza uso kwa mvuke. Nawa kwa maji ya kawaida asubuhi. Jioni tumia sabuni laini isiyo na harufu, kisha futa kwa kugusagusa.

Uso ukiwa bado na majimaji, paka mafuta ya mgando kidogo sana, hasa usiku. Yanazuia maji yasipotee huku ngozi ikijenga seramidi zake. Mwenye chunusi achague losheni nyepesi yenye gliserini au seramidi. Mafuta ya kula si sawa yote: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walikuta mafuta ya zeituni yanadhoofisha ukuta wa ngozi, wakati ya alizeti hayakuudhoofisha. Alizeti, zao la Singida, ina asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kutengenezea aina mojawapo muhimu ya seramidi. Mchana vaa kofia pana, mtandio au chukua mwavuli. Losheni ya kukinga jua, hasa yenye oksidi ya zinki, ianze inapopakwa bila kuchoma.

Kuchoma hupungua ndani ya siku chache, na ukuta huhitaji wiki mbili hadi nne ili utulie. Madoa huchukua miezi. Ukiona usaha, malengelenge, macho kuvimba, homa, au kama ulikuwa ukitumia krimu ya steroidi, usijitibu dukani. Nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa ngozi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachowafundisha wataalamu hao tangu 1992.

Seli inayozaliwa leo itafika juu baada ya mwezi hivi. Anayesugua kila siku anahukumu ngozi ambayo hajaipa nafasi ya kukamilika. Ukitaka kurudia asidi, ngoja uso umalize wiki mbili bila kuchoma, chagua bidhaa moja, uitumie usiku mmoja kwa wiki. Na kabla ya kuketi kwenye kiti cha saluni, mwambie mhudumu uso ulisuguliwa lini mara ya mwisho na umepakwa nini tangu hapo. Akikuambia urudi baada ya wiki tatu, huyo anaijua kazi yake.