Tarakimu Zilizosahihishwa za Joto la Dunia

Bila shaka unafahamu kwamba mtunza ghala akikutwa na daftari lenye tarakimu zilizofutwa na kuandikwa upya, jambo la kwanza limjialo mkaguzi ni wizi. Basi usishangae ukisikia watu wakiwatilia shaka wataalamu wa hali ya hewa, kwani wao hukiri waziwazi kwamba husahihisha vipimo vya joto vya miaka iliyopita. Je, wanapika hesabu ili dunia ionekane inaungua?

Tutazame Marekani. Tangu mwaka 1890 vituo vingi vya nchi hiyo vimetunzwa na watu wa kujitolea, wakiwemo wakulima. Kipimajoto chao cha zamani kiliweka alama pale joto lilipopanda juu kabisa na pale liliposhuka chini kabisa. Walikisoma mara moja kwa siku, kisha wakazirudisha alama kwenye joto la wakati ule. Hapo ndipo penye mtego. Chukua mtu aliyesoma saa kumi na moja jioni, siku ya jua kali. Ameandika, amerudisha alama, lakini hewa ingali ya moto, na alama imebaki kule kule juu. Kesho yake hata kukiwa na mawingu na baridi kutwa, atasoma lile lile joto la jana. Siku moja ya jua imehesabiwa mara mbili! Aliyesoma saa moja asubuhi alipatwa na kinyume chake: baridi ya alfajiri moja iliingia katika siku mbili.

Katika karne ya 20 vituo vingi viliacha kusoma jioni vikaanza kusoma asubuhi, wakati unaofaa zaidi kwa kupima mvua. Madaftarini nchi ikaonekana ya baridi kuliko ilivyokuwa, ilhali kilichobadilika ni saa ya kusoma. Kwa maoni yangu, kuliacha kosa hilo ndiko kungekuwa udanganyifu.

Baharini mambo yalikwenda kinyume. Mabaharia wa zamani waliteka maji kwa ndoo za turubai, ndipo wakatia kipimajoto. Kila mwenye mtungi wa udongo nyumbani anaelewa kilichotokea: maji yavujayo kidogo kidogo na kupigwa na upepo hupoa. Baadaye meli zikapima maji yanayoingia mitamboni, ambayo huwa na joto zaidi kidogo. Kwa hiyo wataalamu hupandisha tarakimu za zamani. Na kwa kuwa bahari ni kama asilimia 70 ya uso wa dunia, masahihisho yote yakijumlishwa hupunguza ongezeko la joto tangu karne ya 19, hayalizidishi. Mwizi gani huyo ajipunjaye mwenyewe?

Tena daftari la awali halichomwi. Vipimo visivyoguswa vimehifadhiwa, na atakaye huvipata. Mwanafizikia Richard Muller wa California, aliyekuwa na mashaka mengi, aliunda kundi lake na kuanza hesabu upya kwa njia yao wenyewe. Mwaka 2011 walitangaza matokeo: ongezeko la joto la nchi kavu lilikaribiana sana na lile walilokwisha kulipata wale aliowashuku.