Kazi za Brenda Milner kuhusu Kumbukumbu na Suala la Kuhesabu Marejeo

1. Utangulizi

Katika vyuo vikuu, mtafiti hupimwa mara nyingi kwa mambo mawili: wingi wa maandishi yake, na idadi ya mara ambazo maandishi hayo yamerejelewa na wataalamu wengine. Makala haya yanakichunguza kipimo hicho kwa kuangalia kazi za Brenda Milner, mtaalamu wa sayansi ya neva aliyezaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, akahamia Kanada mwaka 1944 na kufanyia utafiti wake Montréal.

2. Mgonjwa H.M.

Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari mpasuaji William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa kikali. Alimwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo kijana hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Wataalamu walimwita H.M.; jina lake kamili, Henry Molaison, lilitangazwa baada ya kufa kwake mwaka 2008.

Milner alimpima mwezi wa Aprili 1955. Akili yake ilipata alama 112, yaani juu ya wastani. Kumbukumbu yake ilipata 67 tu. Alipoulizwa tarehe, alijibu kuwa ni Machi 1953, na kwamba ana miaka 27, ilhali alikuwa amekwisha kutimiza 29. Matokeo hayo, pamoja na ya wagonjwa wengine, yalichapishwa mwaka 1957 katika makala ya Scoville na Milner. Hoja yao ilikuwa wazi: akili na kumbukumbu si kitu kimoja, na hipokampasi ni ya lazima katika kuhifadhi mambo mapya. Makala hayo yamerejelewa maelfu ya mara, nayo ni miongoni mwa yale yanayorejelewa zaidi katika taaluma hiyo.

3. Ugunduzi ulioandikwa kwa Kifaransa

Baadaye Milner alimpa H.M. kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kwa siku tatu alirudia zoezi hilo, na makosa yakapungua siku hadi siku. Hata hivyo, kila siku aliliona zoezi kama jambo jipya kabisa. Mkono ulijifunza, mwenyewe asijue. Kwa hiyo kumbukumbu ya ustadi wa mwili haitegemei njia ileile inayohifadhi matukio.

Ugunduzi huu mkubwa haukutolewa kwanza katika jarida maarufu la Kiingereza. Milner aliueleza kwa Kifaransa, katika kitabu cha mkutano wa wataalamu kuhusu hipokampasi kilichochapishwa Paris mwaka 1962.

4. Kipimo na kasoro zake

Faharasa ya marejeo ya kisayansi ilianzishwa na Eugene Garfield huko Philadelphia, ikaanza kutolewa kwa umma mwaka 1964. Katika matoleo yake ya karatasi, kazi iliyorejelewa iliorodheshwa chini ya jina la mwandishi wa kwanza peke yake. Hivyo makala ya 1957 yalisomeka chini ya Scoville, na yale ya 1958, aliyoyaandika Milner pamoja na Wilder Penfield, yakasomeka chini ya Penfield. Aliyetafuta jina la Milner hakuyaona, ingawa vipimo vya kumbukumbu vilikuwa vyake.

Kasoro ya pili ni kwamba faharasa hiyo ilijengwa juu ya majarida. Sura ya kitabu, hasa isiyo ya Kiingereza, haikupata nafasi sawa. Ya tatu inatokana na kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtafiti ana h ya 20 ikiwa maandishi yake 20 yamerejelewa angalau mara 20 kila moja. Kwa kipimo hicho, makala yaliyorejelewa mara 20 na yaliyorejelewa maelfu ya mara yana uzito uleule. Tena, ugunduzi ukishakuwa elimu ya kawaida, watu huutaja bila kumtaja mwenyewe.

5. Hitimisho

Mwaka 2014 Milner alipewa Tuzo ya Kavli pamoja na John O'Keefe na Marcus Raichle. Waliomtunuku walizingatia alichokigundua. Idadi ya marejeo huonyesha kwamba kazi imesomwa na wengi. Haionyeshi daima nani aliifanya, wala kazi ipi imeachwa nje ya hesabu. Jambo hili linawahusu moja kwa moja wanaoandika kwa Kifaransa na Kiswahili nchini Kongo, ambao maandishi yao hutoka mara nyingi katika vitabu na majarida ya vyuo. Kamati inayompandisha mwalimu cheo kwa kuhesabu tu, bila kusoma, inaweza kuiacha nyota ya Milner ikipita mbele ya macho yake.